Mnyororo wa Pikipiki Kabla ya Safari

Msomaji mwenye pikipiki na azma ya safari ya mbali aanze na mnyororo, kwani ukiruka kutoka katika meno huweza kulibana gurudumu la nyuma ghafula. Na aghalabu nyuma ameketi mke au mtoto.

Zima injini kwanza. Usithubutu kuufuta mnyororo hali injini yaendesha gurudumu: vidole hukatika kwa namna hiyo. Isimamishe pikipiki juu ya stendi kubwa, uzungushe gurudumu kwa mkono, uusugue mnyororo kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa. Petroli iache, huwaka upesi mno. Ukisha kukauka, tia oili ya gia namba 90 upande wa ndani, matone machache; yazidiyo hukusanya mchanga tu.

Kulegea hupimwa katikati, upande wa chini. Pikipiki nyingi ndogo hutaka kiasi cha sentimita 2 hadi 3, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu. Pima mahali kadha wa kadha, ufuate palipokaza zaidi. Nati za kushoto na kulia zizungushwe sawasawa kwa kufuata alama, gurudumu lisije likaenda upande. Kisha kaza ekseli, na ujaribu breki ya nyuma.

Meno yakiwa yamepinda mithili ya ndoana, hapo hapana hila ya bei nafuu: nunua mapya pamoja na mnyororo.

Ama mizigo, vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu huifunga vyema kuliko kamba. Ncha zake zisining'inie karibu na mnyororo.