Waulizwe Wenye Kusoma

Ewe msomaji kijana, likitajwa neno la kutengeneza upya maktaba, ukumbi au nyumba ya makumbusho, usikubali kuambiwa kwamba shauri hilo ni la wahandisi na wakubwa wa mji peke yao. Wasemao hivyo ni wengi, na hoja yao huipamba vizuri: kuwa mtu wa kawaida hajui kuchora ramani, na mwanafunzi hajui lolote. Kuchora ramani hajui, kweli. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mchoraji wa ramani hajui ni meza ipi isiyofikiwa na mwanga saa kumi na moja jioni, wala ni mlango upi usiopitisha kiti cha magurudumu, wala kwa nini wasichana huondoka mapema kuliko wavulana.

Itazame Maktaba ya McMillan iliyo Nairobi, yenye nguzo kubwa za mawe na simba wawili mbele yake. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi ikawa ya Wazungu tu. Haikuwa ya watu wote hata ulipofika mwaka 1958. Sasa fikiri. Kama mwaka 1950 angalitokea mtu akawauliza waliokuwamo ndani, wangalimjibu kuwa maktaba yao haina kasoro. Wenye la kusema walikuwa njiani, chini ya ngazi. Kwa hiyo atakaye kuuliza asiishie kwa waliokwisha kuketi. Amtafute na yule apitaye kila siku asiingie, amwulize ni nini kimzuiacho.

Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kuitengeneza maktaba hiyo na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Matawi yale madogo ya mitaani yalitangulizwa, na jumba kubwa likangoja. Naona utaratibu huo ni wa haki. Wako wanafunzi wanaolala, wanaopika na wanaosoma katika chumba kimoja pamoja na ndugu zao. Kwao meza ya maktaba si pambo la mji, bali ndiyo shule ya jioni. Ukiwanyang'anya meza hiyo ili uweke mahali pa kunywea kahawa, umewafukuza bila ya kufunga mlango.

Tena iko hadaa moja niichukiayo kuliko kutoulizwa kabisa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inahesabu kushirikishwa kwa wananchi kuwa moja ya maadili ya taifa. Basi watu huitwa mkutanoni, hupewa soda, hutia sahihi zao katika daftari, na kumbe ramani ilikwisha kupitishwa zamani! Siku utakapoitwa wewe, simama kwa adabu uulize kwanza ni lipi katika ramani hiyo ambalo bado laweza kubadilishwa. Ukiambiwa hakuna, irudishe kalamu yao mezani.