Kutoka Darasani: Agosti, mwezi wa upepo na matofali

Sisi kwetu hatujambo, ila mavumbi tu. Mavumbi yanaingia kwenye unga, kwenye godoro, mpaka kwenye chaki. Siku hizi nikiandika ubaoni sijui kama naandika kwa chaki au kwa udongo wa Dowa.

Ndiyo Agosti hiyo. Baridi ya Juni na Julai imeanza kutuaga, lakini inaaga kama wageni wa kwetu: inasimama mlangoni inaongea saa nzima. Asubuhi bado tunatoka na blanketi mabegani kwenda kupanga ndoo, mchana jua linachoma, jioni upepo unarudi na nguvu zake. Waliofika mwaka huu kutoka Baraka na Uvira wananiuliza, "Madamu, hii baridi inatoka wapi? Sisi kwetu kando ya ziwa hatukuijua." Nawajibu kwamba Malawi iko kusini zaidi, na Dowa iko juu, kwa hiyo katikati ya mwaka ndipo baridi inapotukamata. Wenyeji wana jina la upepo wa baridi unaokuja na manyunyu: wanauita Chiperoni, kutokana na mlima Chiperone ulioko Msumbiji. Vumilieni kidogo. Septemba joto linaanza, na Oktoba mtaitamani hii baridi mnayoilalamikia.

Kwa wiki hizi zilizobaki nawaomba jambo moja: msilale na mbaula yenye makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu wala moshi, na mtu analala asiamke. Otea moto nje, kisha ingia ulale. Blanketi moja la watu watatu ni afadhali kuliko msiba.

Habari za nyumbani ni za kawaida. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Mtoto wa dada yangu ameota jino la kwanza na tayari ameshaling'ata titi la mama yake. Kuku wetu alitotoa vifaranga wanane, mwewe amechukua wawili, wamebaki sita. Na wale wanaoniuliza kila mwezi nitaolewa lini, jibu ni lile lile la mwezi uliopita.

Halafu upepo ukatuangushia ukuta wa jiko, na hapo ndipo ilipoanzia habari ninayotaka kuwapa mwezi huu.

Kwanza niwakumbushe. Mwezi huu shule zimefungwa, muhula wa kwanza unaanza Septemba. Sisi walimu wachache wa kujitolea tunatumia likizo kufundisha watoto wapya Kiingereza na Kichewa, siku nne kwa wiki, asubuhi. Mtoto aliyesoma Kongo alisoma kwa Kifaransa. Akifika hapa anakuta vitabu vya Kiingereza, na mwalimu wa madarasa ya chini anafafanua kwa Kichewa. Kichwa chake kina elimu, lakini mlango wa kuitolea umefungwa.

Mwanzoni mwa mwezi tulipata kijana mmoja wa miaka 14. (Nimeomba ruhusa kwake na kwa mama yake kuandika habari hii, majina siyataji.) Walifika mwaka jana, mama na watoto wanne, kwa kupitia Kigoma na Mbeya hadi Karonga. Kwao alikuwa amemaliza darasa la sita. Hapa shule ilimwandikisha Standadi 3. Alikaa wiki mbili akaacha. Mama yake akamsihi aje angalau kwenye masomo yetu ya likizo.

Siku ya nne nilimwinua asome. Akasoma neno "table" kama alivyofundishwa kwao, kwa Kifaransa. Binti mdogo wa miaka 8 akapaza sauti, "Si hivyo, ni teibo!" Darasa zima likacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu. Tabasamu dogo tu, lakini yeye aliliona. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja.

Sasa turudi kwenye ukuta. Jumamosi nilikwenda bondeni kutafuta matofali. Mnajua mwezi huu kule kunavyokuwa: kabla ya mvua za Novemba kila mtu anafyatua, na moshi wa matanuru unaonekana toka mbali. Namkuta nani? Kijana wangu, matope mpaka magotini, kalibu mkononi. Aliponiona akainama zaidi.

"Madamu, unataka ngapi?" Kama vile hatujuani.

Nikamwambia 85. Nilikuwa bado natafuta simu mfukoni nipige hesabu ya pesa, yeye ameshanitajia jumla. Nikaihakikisha kwenye simu, iko sawa. Nikamjaribu: "Robo tatu ya 84?" Akajibu bila kuinua kichwa, "63."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, kwa nini hukurudi?"

Alinyamaza kidogo. Akasema, "Madamu, kule darasani mimi ni mjinga. Huku nina akili."

Wapendwa, nilirudi nyumbani bila kupatana hata ya kubeba matofali.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Alinikaribisha vizuri, akanipa chai. Nilieleza maneno yangu yote ya kimwalimu, elimu ni ufunguo na mengineyo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nakuheshimu. Lakini mgawo umepungua, unajua. Hiyo ganyu ya matofali ndiyo inayonunua chumvi na sabuni humu ndani. Na wewe mwenyewe ulisoma mpaka Fomu 4, leo unafundisha kwa posho isiyonunua hata viatu. Sasa nimwambie nini mtoto?"

Nilitazama viatu vyangu. Vimeshonwa mara mbili.

Sikuwa na jibu la haraka, na nisingependa kumdanganya mama wa watu. Siwezi kusema kila anayesoma hapa anapata kazi, wote mnaona vijana wenye vyeti wanavyokaa. Nilimweleza jambo moja tu lililotokea kwetu. Mwaka jana mama yangu alikuwa anakunywa vidonge vya presha. Akapewa vingine, paketi ya rangi nyingine, jina lingine, naye akawa anameza vyote. Akaanza kupata kizunguzungu, hata kusimama taabu. Nikachukua zile paketi mbili nikasoma maandishi madogo ya pembeni kwa Kiingereza. Dawa ilikuwa moja, majina ya biashara tu ndiyo tofauti. Mama alikuwa anakunywa mara mbili ya kipimo. Tulirudi kliniki, wakathibitisha, akaacha paketi moja. "Mama," nikamwambia, "mimi mshahara sina. Lakini mama yangu ninaye."

Akakaa kimya. Mwishowe akasema, "Asubuhi siwezi kumtoa kwenye matofali. Labda mchana."

Basi nilikwenda kwa walimu wenzangu. Tukakubaliana kufungua kundi la pili, saa nane mchana, kwa wakubwa peke yao, wa miaka 12 na kuendelea. Tulitegemea watakuja wawili. Wamekuja saba. Watano kati yao walikuwa kwenye matofali, mmoja anauza mandazi, mmoja alikuwa anajificha nyumbani tu, mama yake anadhani yuko shuleni. Kumbe walikuwepo siku zote! Tulikuwa tunawapita njiani tukiwaona ni wafanyakazi.

Kijana wangu alikuja siku ya kwanza na udongo kwenye kucha. Kabla ya kuanza nilimwita pembeni nikamwomba msamaha kwa lile tabasamu. Akasema, "Si kitu, Madamu." Lakini ni kitu. Mwalimu akicheka, darasa zima linapata ruhusa ya kucheka.

Hao saba niliwaeleza habari yangu, na ninyi pia nawaeleza. Mimi nilifika hapa 2011 nikiwa na miaka 12. Niliwekwa Standadi 3, magoti yangu hayaingii chini ya dawati la watoto, yaani nilikaa upandeupande kama mtu aliyepanda baiskeli ya mizigo. Waliniita "gogo", wakimaanisha bibi kizee. Nililia kila siku. Baada ya muhula mwalimu mmoja Mmalawi akanipa karatasi ya hesabu ya Standadi 4, nikaimaliza. Mwaka uliofuata wakanipandisha Standadi 5. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba mtoto anaweza kupimwa hivyo. Ilitokea tu kwa sababu mwalimu yule alinitazama.

Na nilipofika Fomu 4, wengi wenu mnakumbuka mambo ya 2020. Karatasi za MSCE zilivuja, mtihani ukafutwa nchi nzima, tukaandika upya 2021. Watoto wa matajiri wa Lilongwe na watoto wa kambini, wote tulirudi kwenye karatasi ya kwanza. Tulilalamika, lakini sikusikia mtu akicheka mwenzake kwa kuanza upya. Nikawauliza wale saba: sasa kwa nini hapa tunachekana?

Wenyeji hutuambia kwamba jina Dzaleka, kutoka enzi ya gereza lililokuwa hapa kabla ya kambi kufunguliwa 1994, linabeba maana ya mtu anayesema "sitarudia tena". Na tazameni, watoto wetu wanaletwa hapa na jambo la kwanza wanaloambiwa ni kurudia. Simlaumu mwalimu anayeandikisha. Kambi ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, leo tumepita 50,000, na tangu 2023 waliokuwa mijini waliporudishwa kambini, madarasa yamejaa zaidi. Mtu mwenye foleni ya watoto mlangoni hana nafasi ya kumpima mmoja mmoja. Ndiyo maana mzazi lazima afungue mdomo.

Kwa hiyo kabla ya Septemba, wazazi wangu, nawaomba haya.

Kama una karatasi yoyote ya shule kutoka nyumbani, hata iliyoloa, hata nusu, ipeleke. Kama zote zilibaki njiani, sema mtoto alifika darasa gani na uombe apimwe, hasa hesabu, maana hesabu haina lugha nyingi. Akiwekwa chini, akae, asikatae kiti, lakini mwisho wa muhula rudi uulize kama anaweza kupanda. Uliza kwa heshima, na uulize tena.

Mtoto mkubwa anayefanya ganyu, msimtukane kwamba amekataa shule. Huenda shule ndiyo iliyomwaibisha. Tafuteni saa moja au mbili za kumwachia. Kundi la saa nane linaendelea mpaka shule zifunguliwe, ni bure, aje na daftari kama analo, kama hana tutakata la kwetu.

Na ninyi wadogo mnaosomewa gazeti hili na dada zenu: mkubwa akikaa nanyi darasani, mpeni nafasi ya miguu.

Mtaniuliza, je, kijana wa matofali atarudi shuleni Septemba? Hajasema. Wiki iliyopita alikuja siku tatu, siku ya nne hakuonekana, walikuwa wanapanga tanuru. Mama yake anasema watalichoma mwisho wa mwezi, na baada ya hapo wataongea. Nami nitakwenda tena, chai yake ni nzuri. Kwenye kusoma amefika ukurasa wa 12 wa kitabu chetu, na ile "table" sasa anaisoma kwa lugha zote mbili, anatuuliza tunataka ya wapi.

Matofali yangu 85 ameyaleta mwenyewe kwa toroli. Nilipohesabu nilikuta 87. Nikamwambia amekosea hesabu kwa mara ya kwanza. Akasema hapana, mawili ni ya kuvunjika.

Jiko limesimama, mama ameshapika bugali ndani yake, na kifaranga mmoja ameshajua njia ya kuingilia. Mwezi ujao tukijaliwa nitawaambia shule imefunguliwa vipi. Kalamu naweka chini, nasikia ndoo zinagongana, maji yametoka.

Ni mimi,
Mwalimu wenu wa kujitolea