Tarehe Inayokubalika si Tarehe ya Kweli

Kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi Port Victoria, mara nyingi jina hutaja wakati mtu alipozaliwa: Otieno ni wa usiku, Wafula ni wa mvua. Siku na mwaka havimo. Leo fomu ya kompyuta humdai mzee siku, mwezi na mwaka, wala haikubali pengo.

Naam, programu ina haki ya kukataa Aprili 31. (Lugha ya JavaScript, isipodhibitiwa, huweza kuigeuza siku hiyo kuwa Mei 1 kimyakimya.) Lakini uhakiki huo hupima kama tarehe yaweza kuwapo, haupimi ukweli wake. Januari 1 hupita bila swali, nayo ndiyo waliyoandikiwa wazee wengi wasiojua siku yao.

Si jambo dogo. Mpango wa Inua Jamii huwalipa wazee waliotimiza miaka 70. Mwaka ukikosewa, mtu hucheleweshewa stahili yake. Mbona fomu isiwe na nafasi ya kuandika “takriban”? Walimu wa kompyuta na wawafunze wanafunzi wao kuiweka.