Redio ya Gari Inayolia: Usikimbilie Kununua Nyingine

Siku hizi gari si kitu cha ajabu vijijini mwetu. Hapa Kinyala, Noah na pikapu ndizo zichukuazo ndizi, maparachichi na abiria mpaka Tukuyu, na karibu kila moja ina redio. Lakini redio nyingi zina ugonjwa mmoja. Injini ikiwaka, zaanza kulia "wiiii" kama mbu sikioni. Dereva akikanyaga mafuta, mlio wapanda, akiachia, washuka. Habari hazisikiki, na dereva huongeza sauti hata asisikie honi ya mwenzake.

Mara nyingi mwenye gari huambiwa, "Baba, redio hii imekufa, nunua nyingine." Basi hutoa fedha iliyowekwa kwa sare za watoto, hufungiwa redio mpya, na mlio ungali pale pale. Sababu ni kwamba ugonjwa haukuwa katika redio, bali katika waya.

Tutazame kwanza jinsi umeme wa gari unavyotembea. Hutoka katika betri upande wa chanya, hupita katika waya, huingia redioni, kisha lazima urudi betrini upande wa hasi. Njia ya kurudia si waya mrefu, ila ni chuma cha gari lenyewe, yaani bodi. Ndiyo maana waya mweusi wa redio hufungwa kwenye bodi.

Injini ikizunguka, oltaneta huchaji betri. Umeme wake hautulii kabisa. Una mawimbi madogo madogo yanayofuata mwendo wa injini. Waya mweusi ukishika chuma kitupu, mawimbi hayo hayadhuru. Ukifungwa juu ya rangi au kutu, umeme hupita kwa shida, na mawimbi huingia katika sauti. Hesabu ni hii: ampea 5 zikipita penye kizuizi cha omu 0.1, volti 0.5 hupotea hapo. Na sauti itokayo katika simu kwa waya kwenda redioni, mara nyingi haifiki hata volti 1. Je, mlio utakosa kusikika?

Kwetu shida hii ina sababu mbili zaidi. Magari mengi hutoka Japani, na redio za FM za huko kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa megahezi 76 hadi 90, hali stesheni zetu huenea mpaka 108. Kwa hiyo redio hubadilishwa, na waya hukatwa na kuungwa kwa haraka. Tena mvua na ukungu wa Rungwe huleta kutu upesi.

Sasa tiba, kwa utaratibu.

Kwanza, sikiliza. Chomoa chaja ya simu na waya wa simu. Mlio ukikoma, umepata mwizi. Usipokoma, punguza sauti ya redio mpaka mwisho. Mlio ukibaki vile vile, waingia kwa njia ya umeme wa redio, au kwa kikuza sauti kama kipo.

Pili, zima injini, ondoa waya wa hasi wa betri, kisha toa redio. Fuata waya mweusi mpaka mahali ulipofungwa. Kwangua hapo kwa msasa mpaka chuma king'ae, tia kichwa cha waya chenye tundu, kaza kwa bolti, halafu paka grisi juu yake kuzuia kutu. Waya huo uwe mfupi. Kama kuna kikuza sauti, fungeni waya zao za hasi mahali pamoja.

Tatu, safisha kichwa cha hasi cha betri, na waya mnene uendao kwenye bodi na injini. Ukilegea huo, hata taa hufifia na stata huchoka.

Nne, mwenye mita ya umeme apime volti kati ya waya mweusi wa redio na hasi ya betri, injini ikizunguka na redio ikiimba. Isizidi volti 0.2. Kama ni safi na mlio ungalipo, mwambie fundi apime oltaneta, kwani diodi yake ikiharibika mawimbi huzidi, na betri nayo haichajiwi vema.

Angalieni mambo mawili. Waya za spika zisiguse bodi kamwe. Redio nyingi za sasa huungua kwa hilo. Wala fyuzi isibadilishwe kwa kipande cha waya, maana gari huweza kushika moto.

Na nyumba zinazotumia redio ya gari kwa betri na sola, mlio ukianza, zimeni inveta na chaja moja moja. Ile ambayo ikizimwa mlio hukoma, iwekeni mbali na redio na waya zake, au isiwashwe saa ya taarifa ya habari.

Kipande cha msasa na bolti moja havigharimu sehemu ndogo ya bei ya redio. Anzeni na hivyo. Fundi akisema redio imekufa, mwombeni kwa adabu akuonyesheni kwanza waya mweusi umefungwa wapi.