Mafuta ya Akiba Yakae Ndani ya Tangi

Dereva wa pikipiki anayeondoka Rwimbogo, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kwenda mbali ana njia tatu, na kila moja ina namna yake ya kumtia hofu ya kuishiwa mafuta. Akielekea mashariki atakutana na msitu wa Nyungwe, ambako barabara hupita kati ya miti kwa takriban kilomita 50 bila kituo cha mafuta. Akishuka kusini atafika Bugarama, na mpaka ukiwa wazi atavuka mto Ruhwa aingie Burundi, nchi ambayo kwa miaka kadhaa sasa watu wake wamezoea kulala kwenye foleni za petroli. Akivuka mto Rusizi kuelekea Kamanyola yuko Kongo, ambako nje ya miji petroli huuzwa kwa chupa kando ya barabara na wachuuzi ambao wenyeji huwaita kadhafi. Ndiyo maana kidumu kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli nyuma ya kiti, au chupa ya maji iliyojazwa petroli na kuchomekwa kwenye begi, huonekana kuwa dalili ya msafiri makini. Mimi nakataa. Kwa pikipiki ndogo zinazobeba abiria katika eneo letu, kidumu hicho hakifanyi kazi yoyote ambayo tangi lililojaa lisingeifanya, na hatari yake inambebesha mzigo mtu ambaye hakuulizwa kama anaukubali, yaani abiria.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hofu nyingi za barabarani hupungua zikipigiwa hesabu. Pikipiki za aina ya Bajaj Boxer na TVS, ambazo ndizo zimejaa katika barabara za Afrika Mashariki, zina tangi la lita 11 au 12. Kwenye barabara ya tambarare pikipiki ya namna hiyo hutembea kilomita 40 na zaidi kwa lita moja. Tuseme yetu imechoka kidogo, imebeba abiria na mzigo, na inapanda milima ya Rusizi ambayo haina huruma kwa injini. Tuipe kilomita 30 tu kwa lita. Tangi la lita 11 litaifikisha kilomita 330. Kutoka Kamembe, mji wa wilaya ya Rusizi, hadi Kigali kupitia Nyungwe na Huye ni chini ya kilomita 300, tena kukiwa na vituo vya mafuta Huye, Nyanza na Muhanga. Msitu wenyewe, unaoogopwa kuliko sehemu nyingine zote, unahitaji chini ya lita mbili. Na mtengenezaji wa pikipiki alishaweka akiba ndani ya tangi: dereva hugeuza swichi ya mafuta kwenda rizevu, na kiasi kinachobaki humpa nafasi ya kufika penye watu. Kwa hiyo dereva anayeishiwa mafuta katikati ya Nyungwe hakuponzwa na udogo wa tangi. Aliingia msituni na tangi lenye lita moja au pungufu.

Sasa tuitazame petroli yenyewe, maana wengi wanaibeba bila kuijua. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze kwenye jua la Bugarama, bonde lenye joto kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Rwanda. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai ukapotea. Hushuka na kutambaa chini, kwenye injini na bomba la moshi. Jiografia yetu nayo inaongeza tatizo. Bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali barabara ya Nyungwe hupita juu ya mita 2,400. Katika upandaji huo shinikizo la hewa ya nje hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita. Ndani ya kidumu petroli inatikiswa na mashimo, mvuke wake unasukuma kutafuta pa kutokea, na hewa ya nje iliyokuwa ikiuzuia inazidi kuwa nyepesi. Safari ya kurudi ina shida yake: lita tano zilizojazwa mpaka mdomoni kwenye baridi ya mlimani, zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huko bondeni, huongezeka kwa takriban mililita 70. Hizo lazima ziende mahali. Chupa ya plastiki laini iliyotengenezwa kwa ajili ya maji, yenye kifuniko cha kuzungushwa kwa vidole viwili, haikuundwa kuhimili haya. Inavuja kidogo kidogo, juu ya suruali ya abiria au juu ya mzigo wake, na anayekaa nyuma husikia harufu tu, akadhani ndiyo harufu ya kawaida ya pikipiki.

Bonde la mto Rusizi linajua moto wa petroli kwa namna ambayo sehemu chache duniani zinaijua. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka katika mji mdogo wa Sange, upande wa Kongo, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Watu walikusanyika, wengine wakiwa na vyombo vya kukinga mafuta yaliyokuwa yakimwagika. Wengine walikuwa wamejaa kwenye vibanda wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 230, wakiwemo watoto wengi. Miaka tisa baadaye, tarehe 10 Agosti 2019, jambo kama hilo lilitokea Msamvu, Morogoro, nchini Tanzania, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Miongoni mwao walikuwepo waendesha bodaboda waliosimama kuchota. Ataniambia mtu kwamba lori la maelfu ya lita si kidumu cha lita tano, na ni kweli. Lakini Sange na Morogoro hazikuanza siku lori lilipoanguka. Zilianza siku nyingi kabla, pale petroli ilipozoeleka kuwa bidhaa ya kuchotwa kwa mkono, kumiminwa kwa kopo na kuwekwa chini ya kitanda. Mtu ambaye kila wiki anaishika petroli kwenye chupa bila kudhurika haoni tena kwa nini asiisogelee ikimwagika barabarani. Halafu kuna msiba mdogo usioingia kwenye magazeti: mtoto mwenye kiu anayeokota chupa ya maji nyumbani na kunywa petroli. Akinywa asilazimishwe kutapika, kwa kuwa petroli ikirudi kooni huweza kuingia kwenye mapafu; akimbizwe hospitali.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linahusu pesa. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, kwa hiyo hununua mafuta kulingana na abiria aliyepatikana: lita moja sasa, nusu lita baadaye. Kumwambia mtu huyo ajaze tangi ni kumwambia aweke mtaji wake wote mahali ambapo tajiri, fundi au mwizi wa usiku anaweza kuunyonya kwa mpira. Hoja hii ina uzito kwa safari za mjini. Kwa safari ndefu haisimami, kwa sababu pesa ya kujaza kidumu ni pesa ile ile ambayo ingejaza tangi. Aliye na lita tano mgongoni na lita mbili kwenye tangi ana lita saba. Azitie zote tangini na safari ni ile ile, ila hatari imeondoka. Kuna pia anayesema nauli ya safari ndefu hulipwa mwishoni. Basi abiria atoe sehemu ya nauli mwanzoni, mafuta yanunuliwe akiona. Hiyo ni desturi inayoweza kujengwa bila sheria yoyote mpya.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: vipi mahali ambapo mafuta hayapo kabisa? Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na hata kabla ya hapo uhaba wa petroli ulikuwa umewafanya watu wa Bujumbura kutafuta mafuta Uvira kwa vidumu. Mtu anayekwenda kilomita mia kadhaa katika mazingira hayo, au mtalii wa pikipiki kubwa inayokunywa mafuta kwa pupa, anaweza kuwa na sababu ya kweli ya kubeba akiba. Simkatazi. Namtaka aibebe kama kitu kinachoweza kuua. Chombo kiwe cha chuma au cha plastiki nene kilichotengenezwa kwa ajili ya mafuta, chenye mpira kwenye kifuniko. Kisijazwe hadi juu. Wakati wa kujaza kiwekwe ardhini, kisiwe juu ya kiti, ili umeme unaotokana na msuguano usiruke kama cheche. Kifungwe chini na karibu na mwili wa pikipiki, mbali na bomba la moshi, na kamwe kisiwe kwenye begi la mgongoni. Mafuta yamiminwe injini ikiwa imepoa. Na siku hiyo pikipiki isibebe abiria. Hili la mwisho silegezi hata kidogo: anayeamua kubeba petroli aamue kwa ajili ya ngozi yake peke yake.

Hata hivyo, kumlaumu dereva peke yake ni kuwasahau wanaoamua mafuta yauzwe wapi. Vituo vikubwa hujengwa penye magari mengi, mijini na kwenye barabara kuu, na mtu wa vilimani akiwa mbali na pampu, chupa itamfuata huko huko. Tanzania imeanza kulishughulikia hili kutoka kwenye mzizi: EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, imehimiza ujenzi wa vituo vidogo vijijini, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umetoa mikopo kwa wanaotaka kuvijenga, kusudi uuzaji wa petroli kwenye chupa na madumu ukose wateja. Rwanda ina RURA, inayotangaza bei za mafuta na kusimamia biashara hiyo, na ina sifa ya kutekeleza inachoamua. Tazama pikipiki za umeme. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu. Hakuna aliyewaambia madereva wabebe betri ya pili mgongoni. Kampuni kama Ampersand zimejenga vituo ambako betri iliyokwisha hubadilishwa kwa iliyojaa. Umbali ulijibiwa kwa kuleta kituo karibu na dereva. Petroli, ambayo bado itaendesha pikipiki za Rusizi kwa miaka mingi, inastahili jibu lile lile.

Wilaya ya Rusizi na RURA zipange vituo vidogo vyenye pampu na tangi salama katika sekta za vilimani, Rwimbogo ikiwa mojawapo, kabla ya kuwatuma askari kukamata chupa. Wenye pikipiki wakubali kupokea hesabu yao kesho yake pale dereva anapopata safari ndefu, ili ajaze tangi leo. Nawe abiria, kabla hujapanda, tazama nyuma ya kiti na chini ya mzigo; ukiona chupa ya petroli, mwambie dereva aimimine tangini au utafute pikipiki nyingine.