Mgeni wa Tamasha ni Amana



Wengi wetu tunasoma shule za serikali na za watu binafsi kabla ya kuja chuoni jioni, na shule hizo hushiriki Tamasha la Drama la Kenya. Tamasha hili lilianza mwaka 1959, na hupanda ngazi kwa ngazi mpaka fainali ya taifa, ambayo kwa kawaida huwa mwezi wa Aprili. Kila ngazi huwa na mwenyeji wake. Likimalizika, mazungumzo yetu huwa ni kikombe tu: nani kashinda mchezo wa kuigiza, nani kashinda ngoma, nani kaonewa na waamuzi. Sisi tunataka kuuliza swali jingine. Wale wageni walilala wapi, walikula nini, na walirudi kwao wakitusema vipi?

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kikundi kinaposhuka basini usiku na masanduku ya maleba na ngoma zao, kila mtu hukitazama, lakini ni wachache wanaokisogelea. Madarasa yametolewa madawati, magodoro yametandikwa chini, na mtoto mdogo hajui bomba la maji liko wapi wala choo kiko upande gani. Anaona haya kuuliza. Kesho yake anatakiwa apande jukwaani.

Wako wanaosema kuwa hiyo ni kazi ya walimu na kamati. Wako pia wanaosema, hawa wamekuja kututoa, kwa nini tuwahudumie? Na wako wazee wetu wasioyapenda maigizo hata kidogo, na wana hoja zao. Kwa wote jibu letu ni moja: haki ya mgeni haitegemei amekuja kufanya nini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kumkirimu mgeni ni katika imani, na ukarimu huo una siku tatu. Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua, hakuwauliza kama watakula. Aliondoka kimya kimya akaleta ndama aliyenona.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila kikundi kipewe mwenyeji wake, mwanafunzi mmoja au wawili, wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana. Wawaonyeshe maji, vyoo, pa kulala na pa kuvalia kabla hawajauliza. Mabweni ya wasichana yawe mbali na njia ya watu, na mwalimu wa kike alale karibu nao.

Pili, chakula. Mwaka 2022, 2023 na 2024 Ramadhani iligusa mwezi wa Aprili, na mwaka 2025 ilikuwa Machi. Sisi tukiwa tumefunga, mgeni asiyefunga ana haki ya chakula chake cha mchana bila kutazamwa vibaya. Na sisi tukienda bara, tunatumai mwenyeji wetu atatukumbuka kwa daku, kwa nyama ya halali na kwa mahali safi pa kuswali. Tunalolitaka kwao tuanze kulitoa kwetu.

Tatu, bahari. Watoto wengi wa bara huiona bahari kwa mara ya kwanza siku hiyo, na hawawezi kuzuiwa kuitamani. Wanaona maji yamekupwa, wanatembea mbali juu ya mchanga, hawajui kuwa yatajaa na kuwakata njia. Sisi tunajua. Kumwacha mgeni aende peke yake katika jambo unalolijua na yeye halijui ni khiyana. Wasiende bila walimu wao na bila mwenyeji anayejua saa za maji.

Nne, ukumbini. Ni aibu kucheka lafudhi ya mtu au kupiga kelele ili asahau maneno yake. Ushindi wa namna hiyo ni wizi.

Tumekwisha kuona mgeni anavyoweza kurudi kwao. Aprili 2025, wanafunzi wa Butere Girls walifika Nakuru na mchezo wao, Echoes of War, baada ya mahakama kuamuru waruhusiwe kuigiza. Mwisho waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza, na mabomu ya machozi yakarushwa hapo. Hatuingii katika mabishano juu ya mchezo wenyewe. Tunasema tu kwamba wale walikuwa watoto walio mbali na wazazi wao, na mtoto aliye ugenini hana mzazi ila mwenyeji wake.

Methali nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wa tamasha huja na jembe lao mkononi tangu siku ya kwanza. Wamefanya mazoezi kwa miezi, wamesafiri usiku kucha, na wanachotuomba ni maji, godoro na masikio yetu kwa dakika chache. Kikombe kitawekwa kabatini kishike vumbi, lakini mtoto aliyepokewa vizuri atausimulia mji wetu kwa wema mpaka awe mtu mzima.

Wabillahi tawfiq.