Toa Spesa ama Nunua Bolti Ndefu

Wacha niseme mapema ndio tusipotezeane wakati. Kama umeongeza spesa ama rimu nene kwa gari yako ya porini, na bado unatumia zile bolti fupi zilizotoka nayo kiwandani, toa hizo spesa leo. Ama nunua bolti ndefu. Hakuna njia ya tatu, na "fundi alisema itashika" haihesabiki.

Najua kuna wasee wataniambia ni wivu. Hapana. Hapa Nakuru kila mtu anataka Prado, Hilux ama Jimny yake isimame kwa upana, tairi zitokeze nje ya madgadi, na mimi napenda hiyo form kama nyinyi tu. Tena huku gari kama hizo zina kazi: kuna Menengai, kuna njia za Solai, kuna kushuka Mogotio hadi Baringo, kuna lile vumbi la Kedong. Shida yangu ni na mtu anayetoa doo ndefu kwa rimu, analipia kuinuliwa gari, ananunua taa za kumulika nusu ya kaunti, halafu ikifika kwa bolti, zile zinazoshikilia tairi zisimwache, ghafla amekuwa mtu wa bajeti.

Tufanye hesabu kidogo. Bolti ya Prado ama Hilux ina unene wa milimita 12. Kanuni ya mafundi wa maana ni kwamba nati iume nyuzi kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe, yaani milimita 12. Kila nati inapozunguka mara moja kwa hizo Toyota, inasonga milimita 1.5. Kwa hivyo unataka mizunguko 8 kamili. Jimny na Subaru nyuzi zao zimebanana zaidi, milimita 1.25, hapo tafuta kama 10.

Sasa chukua spesa ya milimita 10, ile isiyo na bolti zake, ya kuchomeka tu kati ya habu na rimu. Imekula milimita 10 za nyuzi. Nati iliyokuwa ikizunguka mara 10 sasa inazunguka mara 3 na kukaza. Ukiisukuma na spana unaona iko ngumu, unaridhika. Ni ngumu kweli, lakini imeng'ata nyuzi tatu tu. Na hata bila spesa uko kwa hatari: rimu ya chuma ni nyembamba pale nati inapokalia, rimu nyingi za aloi ni nene. Ukihama kutoka chuma hadi aloi, pima upya.

Na usidhani bolti inabeba gari vile msumari unabeba koti ukutani. Nati ikikazwa, bolti inavutika kidogo kama springi, na huo mvuto ndio unabana rimu kwa habu. Huo mbano ndio unafanya kazi. Ukilegea, rimu inaanza kucheza, bolti zinapindwa huku na huku kila tairi inapozunguka, zinachoka, moja inakatika. Zilizobaki zinarithi mzigo wake. Halafu ya pili inaenda. Spesa nayo, kwa kusukuma tairi nje, inaongeza ile nguvu ya kupinda. Yaani siku moja umepunguza mshiko na ukaongeza mzigo.

Kuna jibu huwa nalisikia kila mahali: "Mbona nimeenda Baringo mara tatu na hakuna kitu?" Buda, chuma hakichoki kwa siku moja. Kinaanza na ufa mdogo ambao jicho haliuoni, na kila safari unakua. Hizo safari tatu unazojivunia ndizo zimekuwa zikiimaliza bolti pole pole.

Sasa nifike kwa kitu kinaniuma. Tairi kubwa ya porini pamoja na rimu yake inaweza kupita kilo 30. Ikichomoka ukiwa kwa 80, inaondoka na mwendo wa mita 22 kila sekunde, na haina breki. Wewe uko ndani, juu, na mkanda, umezungukwa na chuma. Tairi inaenda kutafuta mtu wa boda, mama wa mahindi choma kando ya barabara ya Eldoret, watoto wanaotoka shule kwa mguu. Hao hawajawahi kuona picha za gari yako. Barabara yenye Salgaa na Sachangwan imetuzikia watu wa kutosha. Kwa hivyo usiniambie "ni gari yangu, ni doo yangu". Tairi ikishakuacha, si mambo yako pekee tena.

Kitu kikiharibika tunamrukia fundi wa jua kali. Fundi akinyamaza ana makosa, sikatai. Lakini mara ngapi fundi amesema "hizi bolti ni fupi" na mteja akajibu "weka tu, nitarudi mwisho wa mwezi"? Fundi ana rent na wateja wanaohama kwa sababu ya mia mbili. Mwenye doo ndiye alikata shauri, na yeye ndiye wa kuulizwa kwanza. Na kama wewe ni fundi na unasoma hii: kataa hiyo kazi. Afadhali akuite mjuaji.

Kitu kingine. Tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia mwaka 2021, tunajaa Naivasha kila mwaka kushangilia. Rhino Charge nayo imekuwepo tangu 1989. Kwa yote mawili, gari inakaguliwa kabla haijaruhusiwa kuanza. Sisi tumeiga stika, taa na kelele za egzosi. Ukaguzi tumeuacha hukohuko vumbini.

Kwa wale wanataka kufanya vizuri, shikeni haya. Bolti mpya lazima ilingane na ya zamani kwa nyuzi, na yale meno ya shingoni yaingie kwa shimo la habu bila kulegea. Iingizwe kutoka nyuma kwa presi, sio kugongwa nyundo. Ukiona mtu anataka kuichomelea, chukua gari yako uende: moto unaharibu ugumu wa hicho chuma. Kama nati zako zimezibwa mbele, angalia bolti ndefu isigonge mwisho wa nati kabla rimu haijabanwa. Tumia nati zilizo wazi. Nati za bapa zenye washa, kama zile za aloi nyingi za Toyota, usizipeleke kwa rimu inayotaka nati ya koni. Spesa zenye bolti zake pia zikaguliwe, bolti za gari zisitokeze zikasukuma rimu. Futa kutu, rangi na vumbi kati ya habu na rimu. Kaza kwa spana ya kupima, kulingana na kitabu cha gari, sio kwa kusimama juu ya paipu. Halafu baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena.

Prado ina bolti 24 za tairi. Nenda uulize bei ya zote 24, kisha ukumbuke ulilipa ngapi kwa rimu moja. Ukishalinganisha, ukuje uniambie tena ni ghali.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, legeza nati moja, hesabu mizunguko hadi itoke, irudishe na uikaze vizuri kabla hujagusa nyingine. Zikifika 8 ama 10 kulingana na gari yako, enda Baringo na uniletee asali. Zikiwa 3, hiyo gari isitoke kwa geti. Andika namba yako hapo chini, na usidanganye.